Saa ya Firenze na Saa ya Bibi

Mkutano wa chama chetu wa mwezi wa Novemba ulikuwa na ajenda moja tu: safari ya Machi iwe ya wapi. Kwamba itakuwa Italia tulishakubaliana, kwa sababu tiketi za ndege si ghali na nusu yetu hatujawahi kufika huko. Ugomvi ulikuwa juu ya mji. Wa Roma walisema Roma, wakadhani hawahitaji kutoa sababu. Wa Venice walikuja na hoja: shanga za kioo za Venice zilifika mpaka pwani yetu, na Marco Polo, mtoto wa Venice, aliandika habari za Zanzibar tangu karne ya 13. Ni kweli aliandika, lakini aliandika bila kufika. Alisema ni kisiwa ambacho mzunguko wake ni maili 2,000. Aliyewahi kupanda daladala kutoka Mjini hadi Nungwi atajua kwamba mzee yule aliongezewa chumvi na mabaharia.

Tulipohesabu kura, Firenze, mji ambao Waingereza wanauita Florence, ulishinda kwa kura tatu. Makala hii inaeleza kwa nini, na inaeleza pia jambo moja ambalo mpaka sasa hatujakubaliana.

Inabidi tuanze na simu.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa hapa Uingereza, ana bibi yake Tanga. Mwaka juzi Bibi alilazwa hospitali ili afanyiwe upasuaji. Shangazi akatuma ujumbe: Bibi anaingia saa nne, mpigie kabla, anataka kukusikia. Mwenzetu akasoma "saa nne" na kichwani mwake ikaja 4, yaani 16.00 ya kwenye simu. Akatoa saa tatu za tofauti kati ya huku na kule, akaona ana nafasi hadi 13.00. Akaenda zake darasani. Alipopiga ilikuwa 12.00 kamili, na Bibi alikuwa ameshaingia chumba cha upasuaji saa tano zilizopita.

Bibi alitoka salama, alhamdulillahi. Siku ya tatu, alipopata nguvu ya kuzungumza, hakumgombeza mjukuu wake. Alimwambia tu, "Nilikungoja."

Mwenzetu alipotusimulia hakuna aliyemcheka. Hesabu yenyewe sote tunaijua. Tumefundishwa darasani: ongeza sita, toa sita. Kwenye mtihani tunaiandika bila kukosea, na mwalimu anatupa alama zetu. Tatizo ni pale unapokuwa na haraka, umebeba mkoba, unakimbilia basi, na mtu anakwambia saa nne. Hapo ndipo lugha inapoonyesha kama iko ndani yako au iko kwenye daftari. Katika chama chetu chenye watu kumi na tisa, tulipoulizana kwa ukweli, ni wanne tu waliosema kwamba wakisikia saa nne wanaona asubuhi, wanaona chai imeshanyweka na jua limepanda. Wanne hao walilelewa kule hadi walipofika umri wa kwenda sekondari. Sisi wengine tunatafsiri.

Na katika vitabu vingi vya kuwafundisha wageni Kiswahili, saa zetu huelezwa kama ajabu fulani, kitu cha kuchekesha ambacho msafiri ajihadhari nacho asije akakosa basi. Maelezo ni yale yale: hawa watu wako karibu na ikweta, jua lao halibadiliki, basi wanahesabu hivi. Tulikua tukiamini hivyo. Tuliamini kwamba Ulaya ina saa, na sisi tuna desturi.

Ndipo katika somo la historia ya sanaa, ambalo wawili wetu tunalichukua kama somo la ziada, ikaonyeshwa picha ya saa ya Kanisa Kuu la Firenze.

Kanisa lenyewe linaitwa Santa Maria del Fiore. Lilianza kujengwa mwaka 1296, na kuba lake, ambalo Filippo Brunelleschi alianza kulijenga mwaka 1420, ndilo linalowekwa kwenye kila kadi ya posta. Watalii huingia, hutazama mbele na juu, basi. Lakini ukigeuka nyuma kama mtu anayetaka kutoka, juu ya mlango mkubwa kwa ndani, utaona uso wa saa uliochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Kwenye pembe zake nne kuna vichwa vya wanaume, wanaotazama kama wazee walioitwa kwenye shauri. Namba ni 24, za Kirumi, na zinaanzia chini, si juu. Mkono ni mmoja tu. Mkono huo hauendi upande ambao mikono ya saa zetu inakwenda. Unakwenda kinyume, kama kinavyotembea kivuli cha saa ya jua kwenye ukuta unaotazama kusini.

Mhadhiri alipita juu yake kwa dakika mbili. Alisema kwamba saa hii inaonyesha "saa za Kiitaliano", ambapo namba 24 si usiku wa manane wala si adhuhuri. Ni machweo. Jua likizama siku imekwisha na nyingine imeanza. Saa moja baada ya hapo ni saa 1. Saa mbili baada ya hapo ni saa 2.

Sisi wawili tulitazamana. Mmoja wetu aliandika pembeni mwa daftari: SAA MOJA USIKU.

Msomaji wetu ambaye ni mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, lakini kwa wenzetu waliojiunga muhula huu tuseme kidogo. Kwa wazee wetu siku huanza jua linapozama. Ndiyo maana usiku wa Ijumaa ni ule ambao huku wanauita usiku wa Alhamisi, na ndiyo maana mwezi ukiandama jioni, Idi imeshaingia jioni hiyo hiyo. Saa moja usiku ni saa ya kwanza ya siku mpya. Huhesabiwi kutoka katikati ya giza, wakati watu wote wamelala na hakuna anayeweza kushuhudia. Unahesabiwa kutoka kwenye jambo ambalo kila mtu mwenye macho ameliona. Mwenzetu ambaye ukoo wake uko Muskati anasema babu yake alihesabu hivyo pia, akirekebisha saa yake ya mkononi baada ya adhana ya magharibi. Huko Italia, kengele ya jioni ya kanisa ilifanya kazi hiyo hiyo.

Tofauti ipo. Sisi tukifika 12 alfajiri tunaanza upya kuhesabu mchana. Wafirenze waliendelea 13, 14, 15 mpaka 24. Kwa hiyo usiku saa yao na yetu zinalingana kwa namba, na mchana ukitoa 12 unapata saa ya Bibi. Saa yao 16 ni saa nne asubuhi. Saa ile ile iliyotuponyoka.

Lakini hoja iliyoshinda kwenye kura ilikuwa ya majira. Kule Zanzibar, machweo ya mwaka mzima hayapishani sana, ni kama nusu saa tu kati ya mwezi wa mapema zaidi na wa mwisho zaidi. Firenze iko mbali kaskazini. Mwezi wa Desemba jua linazama karibu na 16.40, na mwezi wa Juni, kabla ya kuongeza ile saa moja ya kiangazi, linazama karibu na 20.00. Maana yake ni kwamba saa ya Uccello lazima isogezwe na mtu mara kwa mara mwaka mzima ili 24 iangukie kwenye machweo, na hata leo wanaoitunza husogeza. Ukienda Firenze wakati wa baridi au katikati ya kiangazi, saa yake na saa ya Bibi zimeachana mbali. Ukienda karibu na tarehe 21 Machi, wakati mchana na usiku vinalingana dunia nzima, jua linazama Firenze karibu na 18.30 ya Firenze, na Zanzibar karibu na 18.30 ya Zanzibar. Kwa siku chache, uso ule wa mwaka 1443 unasoma Kiswahili, ukiacha tofauti ya nusu saa hivi.

Hii ndiyo sababu tunakwenda Machi na si wakati mwingine. Kule kwetu ni mlango wa masika, kaskazi inakufa na kusi haijashika. Huku vitabu vinayaita majira ya kuchipua, ingawa katika mji huu wetu wa Uingereza kinachochipua mwezi wa Machi ni mafua.

Tusidhani kwamba hesabu hii ilikuwa ya Firenze peke yake. Ilienea karibu Italia nzima na ikadumu kwa karne nyingi. Goethe, mshairi wa Kijerumani, aliposafiri Italia mwaka 1786, alikutana nayo Verona ikamtatiza mpaka akachora duara la kumsaidia kulinganisha saa za Wajerumani na za Waitaliano. Alichoandika kuhusu hilo kinafurahisha kwa sababu hakuwacheka. Aliona kwamba kwa watu wanaoishi nje, barazani na sokoni, kuingia kwa usiku ndiyo habari kubwa ya siku, na saa inayokwambia umebakiwa na muda gani wa mwanga ina faida kuliko inayokwambia umepita muda gani tangu usiku wa manane. Ni hoja ambayo mvuvi yeyote wa Pangani angeielewa. (Firenze yenyewe Goethe alipita mbio, akakaa saa chache tu. Chama chetu kitakaa siku nne, tumemshinda.)

Baadaye saa za Kiitaliano zikafa. Kati ya karne ya 18 na ya 19, hasa majeshi ya Ufaransa yalipoingia Italia, zililetwa saa za Kifaransa, zinazoanzia usiku wa manane na adhuhuri, ambazo ndizo hizi za kwenye simu zetu. Leo ukimuuliza kijana wa Firenze jua lilizama saa ngapi atakupa jibu la Kifaransa bila kujua. Hesabu ya mababu zake imebaki ukutani, juu ya mlango.

Kwetu imekuwa kinyume, na jambo hili tulilijadili usiku mzima. Saa za ukutani na za mkononi Dar es Salaam na Mombasa zinaonyesha ile ile ya Kizungu. Mkono uko kwenye 10, na mwenye saa anakwambia "saa nne" bila kusita. Uso umeshabadilika, mdomo haujabadilika. Wengi wetu tuna picha ya familia tukiwa mbele ya Beit al-Ajaib, Forodhani, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, na mnara wake wa saa nyuma yetu. Desemba 2020 sehemu ya jengo lile iliporomoka. Siku ile simu za wazazi wetu hazikupumzika. Lakini kesho yake watu wa Unguja walikwenda kazini saa mbili asubuhi kama kawaida, kwa sababu saa ile haikuwa kwenye mnara. Wasiwasi wetu sisi ni wa kwetu: huku tulipo, mdomo nao unabadilika.

Tarehe tuliyoichagua kufika ni 25 Machi, na hapa kuna kisa kingine. Kwa karne nyingi, 25 Machi ndiyo ilikuwa Mwaka Mpya wa Firenze, kwa kuwa ni siku ya Kupashwa Habari Maria, ambapo kwa imani ya Wakristo malaika alimletea habari za mimba. Januari ilikuja na kupita, mwaka ukiwa ule ule. Kanisa Kuu lenyewe liliwekwa wakfu na Papa Eugenius wa Nne tarehe 25 Machi 1436, yaani siku ya kwanza ya mwaka. Haya yaliendelea mpaka amri ya mwezi wa Novemba 1749, iliyosema kwamba kuanzia 1750 mwaka utaanza Januari mosi kama kwa watu wengine. Mpaka leo kila 25 Machi watu wa mji huvaa mavazi ya kale na kwenda kwa maandamano hadi kanisa la Santissima Annunziata.

Pisa nao walianza mwaka 25 Machi, lakini walihesabu mwaka mmoja mbele ya Firenze. Miji miwili, safari ya siku moja au mbili kwa punda, na barua ikitoka huku kwenda kule inarudi nyuma mwaka mzima. Ndege yetu inatua Pisa. Halafu ni treni ya kama saa moja hadi Firenze, kwa hiyo kwa hesabu ya zamani tutafika kabla ya kuondoka.

Mtu asiicheke Italia akiwa Uingereza. Hapa pia mwaka ulianza 25 Machi hadi karne ya 18, ukahamishiwa Januari mosi mwaka 1752, na ukitaka kujua kwa nini mwaka wa kodi wa Uingereza unaanza 6 Aprili, ni 25 Machi ile ile baada ya kusukumwa siku kumi na moja na ushee walipobadilisha kalenda. Na kwetu, watu wa Makunduchi wanaoga mwaka mwezi wa Julai, kwa Nairuzi, na hakuna aliyewaambia wamechelewa. Mwaka, kama saa, huanza pale watu walipokubaliana uanze.

Kwa mwanafunzi wa historia jambo hili si la mchezo. Alessandro de' Medici, mtawala wa kwanza wa Firenze kuitwa Duke, aliuawa usiku wa kuamkia 6 Januari 1537. Nyaraka za Firenze zitakwambia ni 1536, kwa sababu mwaka ulikuwa haujaisha. Alessandro tunataka kumwona kwa sababu nyingine pia. Mama yake alikuwa mtumishi, na wanahistoria wengi wanaamini alikuwa na asili ya Afrika. Sura yake, iliyochorwa na Vasari akiwa amevaa deraya, iko Uffizi. Katika ziara nyingi za kuongozwa hatajwi, au anatajwa kwa mauaji tu.

Yuko pia twiga. Mwaka 1487 Sultani Qaitbay wa Misri alimpelekea Lorenzo de' Medici zawadi, na ndani ya zawadi hiyo alikuwemo twiga mzima, akitembea katika mitaa ya Firenze huku watu wakimtazama kutoka madirishani. Hakuishi muda mrefu. Vasari alimchora baadaye katika Palazzo Vecchio. Wanachama wa Malindi wameomba tuandike hapa kwamba Malindi ilimpeleka twiga wake kwa mfalme wa China mwaka 1415, miaka sabini na miwili kabla. Tumeandika.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hatukubaliani.

Tulipoanza kusoma ili kujiandaa, mmoja wetu aliyepewa kazi ya kutafuta uhusiano wa Firenze na pwani yetu alirudi kimya. Alikuwa amekutana na jina la Bartolomeo Marchionni. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Firenze aliyehamia Lisbon, akatajirika kwa sukari na kwa biashara ya watumwa, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa mji ule. Vasco da Gama aliporudi mwaka 1499, barua za kupeleka habari Firenze ziliandikwa mara moja na mfanyabiashara mwingine wa huko huko, Girolamo Sernigi. Ndani yake mna Mombasa na mna Malindi. Mwaka 1500 Cabral alipoondoka na merikebu kumi na tatu, moja iligharimiwa na Marchionni na wenzake. Iliitwa Anunciada, jina la siku ile ile ya 25 Machi. Msafara ule ulifika Kilwa mwezi wa Julai.

Na mwaka 1505, katika msafara wa Francisco de Almeida, fedha za wafanyabiashara wa Kijerumani na wa Kiitaliano, Wafirenze wakiwemo, zilikuwa ndani. Msafara huo ndio ulioivamia Kilwa mwezi wa Julai, ukapanda hadi Mombasa mwezi wa Agosti, ukaipora na kuichoma moto. Wafanyabiashara hawakushika mienge wao wenyewe. Walikaa Lisbon na Firenze, wakasubiri pilipili.

Mwenzetu ambaye watu wake ni wa Mji wa Kale, Mombasa, alisema waziwazi kwenye mkutano: "Mnataka nikasimame mbele ya yale majumba nipige picha, na sehemu ya mawe yale ni yetu?" Alijibiwa kwamba majumba mengi na kanisa vilijengwa kabla ya 1505, na ni kweli, kuba lilikamilika zaidi ya miaka sitini kabla Mreno yeyote hajafika Kilwa. Alijibu kwamba hazungumzii tarehe. Mwingine akauliza, basi tusiende Lisbon, ambako mwaka jana tulikwenda sote na yeye akiwemo? Akasema ndiyo, na kwamba Lisbon hakulala vizuri. Kura yake aliipigia Roma, na hakuibadilisha. Lakini anakuja, na ameomba apewe nusu saa siku ya pili, katika uwanja wa Piazza della Signoria, asome kwa sauti habari za Mombasa ya 1505, kwa Kiswahili, bila tafsiri. Wengine wanaona tutaonekana wendawazimu. Sisi tunaoandika makala hii tunaona katika uwanja ule, ambako mwaka 1498 walimnyonga na kumchoma mhubiri Savonarola, watu wanaosoma kwa sauti si kitu kigeni. Kamati imekubali nusu saa.

Na deni na Italia halikuishia karne ya 16. Mwenzetu mwingine, binti wa watu wa Barawa, alitukumbusha kwamba bandari za Banadir, Barawa ikiwemo, Sultani wa Zanzibar aliwakodisha Waitaliano mwaka 1892, kisha zikauzwa moja kwa moja mwaka 1905. Watu wanaosema Chimiini, ndugu wa Kiswahili chetu, wakalala chini ya bendera moja wakaamka chini ya nyingine, kwa saini ya mtu aliye mbali. Na mwaka 1904 ilianzishwa Firenze taasisi ya kuwafundisha Waitaliano kilimo cha makoloni. Hii haimo kwenye kadi za posta. Bibi yake, anayeishi nasi hapa Uingereza, anaongea Chimiini, Kisomali na Kiitaliano cha shule, kizuri kuliko Kiingereza chake. Ndiye anayetufundisha sasa, kila Jumamosi, nyumbani kwake, kwa malipo ya sisi kumaliza chakula chote anachopakua. Wiki iliyopita tulimuonyesha picha ya saa ya Uccello. Aliitazama, akahesabu kwa kidole, akasema mkono uko karibu na saa nane mchana. Hakuna aliyekuwa amemweleza chochote.

Sasa ya vitendo. Kuingia ndani ya Kanisa Kuu ni bure lakini foleni ni ndefu. Mabega na magoti yafunikwe. Kupanda kuba ni kwa tiketi ya kulipia na ngazi ni 463, anayetaka aseme mapema. Uffizi hufungwa Jumatatu. Pasaka tumeikwepa kwa makusudi, ingawa wanalipua gari la fataki mbele ya kanisa na tungependa kuliona, kwa sababu bei ya vitanda hupanda bila huruma. Jumapili ya mwisho ya Machi nchi nyingi za Ulaya zinasogeza saa mbele kwa saa moja, kwa amri tu, jua likiwa halina habari, tutakuwa tumesharudi.

Wawili kati yetu wana pasi za Kenya na Tanzania na wanahitaji viza. Miadi wamepata, majibu bado. Tuliulizana kama safari iendelee wakikosa. Kumi walisema iendelee, tisa walisema hapana, na wawili wenyewe walikuwa kati ya wale kumi. Fedha za tiketi zao hazirudishwi, kwa hiyo tumekubaliana chama kilipe kutoka kwenye mauzo ya maandazi.

Tulitamani kuuona mkono wa saa ukifika 24 jua likizama, lakini haiwezekani: kanisa hufungwa kwa wageni mchana, mapema kabla ya machweo. Basi tutakuwa ndani saa ya adhuhuri, mkono ukiwa unakaribia 18. Toa 12. Mwenzetu wa Tanga atapiga picha, atoke nje, ampigie Bibi, ambaye kule itakuwa imeshafika saa nane mchana. Ameshaandika kwenye simu, na amemuuliza shangazi mara mbili ni saa nane ipi.